Saa Kumi na Moja Jioni, Waende Wapi?

Kuna swali ambalo wazazi wa Bungoma na Kitale, nchini Kenya, hawachoki kuliuliza: hawa watoto wakitoka shule, mbona hawafiki nyumbani moja kwa moja? Mvulana wa miaka 15 yuko kwenye steji ya bodaboda, amekalia pikipiki isiyo yake. Wenzake wamejazana kwenye banda la video, wengine wako nyuma ya kinyozi. Msichana wa umri huo haonekani, na kwa kuwa haonekani mzazi wake anatulia. Mvulana huitwa mzururaji na msichana huitwa mtoto mwenye adabu, kana kwamba kilichowatenganisha ni malezi. Hoja ya sura hii ni kwamba wote wawili wamepungukiwa na kitu kimoja. Hakuna mahali palipotengenezwa kwa ajili yao. Mvulana amejitwalia pake kwa mabavu kidogo, na msichana hakuruhusiwa hata kutafuta.

Tuanze na saa zenyewe, maana mjadala huu mara nyingi huendeshwa kana kwamba matineja (kwa neno hili namaanisha wenye miaka 12 hadi 18) wana siku nzima ya kuchezea. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaishe saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vyama vya wanafunzi hadi saa kumi na dakika 45. Jua la Bungoma huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache, mwaka mzima. Hapo katikati kuna saa mbili hivi. Toa mwendo wa kutoka shuleni, toa maji ya kuchota, kuni, ng'ombe wa kufungua na mdogo wa kubeba, na kinachobaki ni kipande kidogo cha mwangaza ambacho tineja anaweza kusema ni chake. Kipande kidogo namna hiyo hakitamfikisha kwenye uwanja ulio kilomita sita. Kinachohitajika lazima kiwe karibu, tena njiani.

Umri usio na ofisi

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na kijana ni mwenye miaka 18 hadi 34. Mstari huo una maana yake kisheria, lakini umezaa pengo. Mikopo, mafunzo na mabaraza ya vijana huanzia miaka 18. Wanaoshughulikia watoto hulemewa na waliotupwa, waliodhulumiwa na waliokosana na sheria. Wanaoshughulikia michezo huzitazama timu. Sasa mtoto wa miaka 14 ambaye hana kesi, si yatima, na hata mpira hajui kuupiga, atabisha mlango gani? Haingii katika orodha ya mtu yeyote.

Mabadiliko ya mtaala yameongeza uzito wa jambo hili. Sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, ilipoanza mwaka 2023 iliwekwa ndani ya shule za msingi. Watoto ambao zamani wangehamia shule nyingine wakiwa na miaka 13 au 14 wamebaki kwenye uwanja walioujua tangu chekechea. Bembea, kama ipo, ilipimwa kwa mtoto wa gredi ya kwanza. Tineja akiikalia, magoti yanagusa ardhi na mwalimu anamfokea asiivunje. Ameambiwa, bila mtu kutamka neno, kwamba kucheza ni kwa wadogo, na mahali pa wakubwa hajaonyeshwa.

Sheria haijanyamaza. Kenya iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinampa kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza kulingana na umri wake. Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo husahauliwa. Jedwali la Nne la Katiba nalo linaziachia serikali za kaunti kazi ya bustani, burudani na vifaa vya michezo. Mwenye jukumu basi anajulikana. Kinachobaki ni kumweleza ajenge nini.

Ploti moja ya hamsini kwa mia

Kaunti ikisikia neno "vijana," jibu huwa "uwanja." Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi ulitengenezwa upya ukaandaa sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2024, na watu wa Bungoma walijivunia siku ile kwa haki yao. Mimi sipingi uwanja. Napinga imani kwamba uwanja ukishajengwa, deni kwa matineja limelipwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Uwanja wa kandanda wa kipimo cha kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140, bila kuhesabu majukwaa wala maegesho. Wanaoucheza kwa wakati mmoja ni watu 22. Chukua sasa kipimo ambacho kila mkazi wa Bungoma na Kitale anakijua kwa sababu ndicho huuziwa ardhi: ploti ya hamsini kwa mia, futi 50 kwa futi 100. Hizo ni mita za mraba 465 hivi. Uwanja mmoja wa kandanda unameza ploti 15. Na kuna sadfa ambayo ningependa kila mwakilishi wa wadi aikumbuke: uwanja wa netiboli, mchezo ambao wasichana wetu wameucheza shuleni kwa vizazi kadhaa, una urefu wa futi 100 na upana wa futi 50. Ni ploti moja kamili, ile ile ambayo mtu huinunua ajenge nyumba za kupangisha.

Sasa tuseme kaunti yenye watu 1,670,570, kama sensa ya mwaka 2019 ilivyoihesabu Bungoma, ina ardhi ya kutengeneza uwanja mmoja mpya. Ikiiweka yote mahali pamoja, watakaofaidika kila siku ni wale wanaokaa karibu, wanaocheza mpira, waliochaguliwa kwenye timu, na ambao lango limefunguliwa siku hiyo. Viwanja vikubwa hufungwa, na vina sababu: nyasi huumia, vifaa huibwa. Ikiitawanya kwa vipande 15 huko Chwele, Kimilili, Webuye, Sirisia, Bumula na vituo vidogo vya soko, kila kipande kinakuwa njiani kwa watoto wa shule tatu au nne, na hakuna kipande kinachohitaji lango.

Msomaji anaweza kusema: lakini wasichana nao wanacheza kandanda siku hizi. Ni kweli, tena wanacheza vizuri. Shule ya Wiyeta ya Trans Nzoia imekuwa moto kwenye michezo ya shule za upili, na Trans Nzoia Falcons na Bungoma Queens zimecheza ligi kuu ya wanawake. Kule Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwakusanya wasichana kupitia mpira tangu mwaka 2001, na limethibitisha kwamba binti akipewa mpira na wakati wake, anajitokeza. Tuwashangilie wote hao. Hata hivyo timu ina wachezaji 11 na wa akiba. Shule yenye wasichana 400 ikitoa timu bora kabisa nchini, bado wasichana zaidi ya 370 wamebaki pembeni, na swali letu linawahusu wao.

Msichana na mtungi

Angalia mahali ambapo msichana wa miaka 14 huonekana nje ya nyumba katika kijiji cha Bungoma. Yuko chemchemini. Yuko kwenye kinu cha kusaga, akisubiri debe lake la mahindi lifikiwe. Yuko sokoni akimshikia mama meza. Yuko njiani na mtungi wa lita 20 kichwani. Kila mara ana mzigo, na mzigo ndio ruhusa yake. Akiuweka chini akasimama na mwenzake dakika kumi, mtu atauliza anangoja nani. Mvulana haulizwi. Akifikia umri fulani hujengewa simba, kibanda chake mwenyewe pembeni mwa boma, ambamo wenzake huingia na kutoka. Dada yake hubaki jikoni kwa mama hadi aolewe.

Hata mila ilitambua kwamba mtu wa rika hili anahitaji kuonekana hadharani. Kila mwaka wa shufwa, ifikapo Agosti, mvulana wa Kibukusu anayekwenda kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga, akiimba na kucheza barabarani, umati wa rika lake ukimfuata. Kwa siku hizo chache barabara, mto na ua wa baba ni vyake, na wazee wanampisha. Wasichana wamo kwenye umati huo, wanaimba na kusindikiza, lakini aliye katikati si wao. Jamii yetu, kwa hiyo, haijawahi kuwa ngeni kwa wazo la kumpa tineja nafasi ya hadhara. Imempa mmoja, kwa msimu mmoja.

Kuna pia woga wa haki. Sehemu nyingi za Bungoma zina mashamba ya miwa, na muwa uliokomaa humpita mtu mzima kimo. Kijia kinachokatiza shamba la miwa saa kumi na mbili jioni ni kama korido isiyo na madirisha. Mzazi anayemkataza binti yake kutoka jioni hana roho mbaya. Ameipima hatari kwa macho yake. Tatizo ni kwamba dawa aliyo nayo ni moja tu, kumfungia, na kaunti haijampa nyingine.

Hali hii si ya Bungoma pekee. Jijini Vienna, Austria, uchunguzi wa mwaka 1996 na 1997 uligundua kwamba wasichana walitoweka kwenye bustani za umma walipofika umri wa miaka kumi hivi, wavulana wakabaki. Hawakuwa wamefukuzwa. Bustani ilikuwa nafasi moja kubwa, na penye nafasi moja kubwa, kundi lenye kelele zaidi ndilo huitawala. Jiji lilichukua bustani za majaribio, mojawapo ikiitwa Einsiedlerpark, likazigawa katika vipande kadhaa, likaongeza njia za kutembea, sehemu za kukaa na michezo zaidi ya mpira. Wasichana walirudi. Mji wa Umeå, Sweden, uliwauliza wasichana wenyewe wanataka nini, na mwaka 2016 ukafungua mahali panapoitwa Frizon: bembea kubwa za watu kadhaa, zilizotazamana chini ya paa, zenye taa na muziki. Hakuna mashindano pale, hakuna mshindi. Watu huketi, hubembea polepole na kuzungumza.

Hatuwezi kubeba bembea za Sweden tukazisimika Kimilili tukatarajia muujiza. Tunachoweza kuchukua ni mantiki yake. Na kwetu mantiki hiyo inaongoza mahali ambapo mtaalamu wa Umeå asingefikiria: tuanze na mzigo. Kama msichana huruhusiwa kutoka akiwa na shughuli, basi mahali pake pa kukaa pawekwe pale shughuli ilipo. Weka viti vyenye kivuli hatua 20 kutoka kwenye bomba la maji au kinu cha kusaga, na dakika za foleni zitageuka dakika za urafiki bila mtu kuomba ruhusa mpya. Baada ya miaka michache, kumwona msichana ameketi na wenzake kutakuwa kumezoeleka, na mzigo hautahitajika tena.

Kwa kifupi: tineja wa Bungoma ana saa chache za mwangaza, hana ofisi inayomhesabu, na akihesabiwa hupewa uwanja unaotumiwa na wachache. Anachokosa ni mahali padogo, karibu, pasipo kiingilio, ambapo anaweza kukaa na wenzake bila kununua kitu na bila kubeba kitu.

Umbo la benchi

Hapa tufafanue neno moja. Ubunifu jumuishi ni kutengeneza mahali au kifaa kwa namna ambayo watu wa maumbile, uwezo na hali tofauti wanakitumia pamoja, badala ya kukitengeneza kwa mtu mmoja wa kufikirika kisha kuwatafutia wengine njia ya mlango wa nyuma. Maneno hayo hutajwa sana kwenye warsha. Njia nzuri ya kuyaelewa ni kukitazama kitu kimoja kwa makini, na mimi nachagua benchi.

Benchi la kawaida la mjini ni ubao mrefu ulionyooka, umeegemezwa ukutani. Wakikaa wawili wanaweza kugeukiana. Wakikaa watatu, wa katikati anageuza shingo huku na huku. Wa nne anasimama mbele yao, na sasa kundi limeziba njia, mpita njia anasonya, na tayari tuna "vijana wakorofi." Ukorofi huo umetengenezwa na fundi seremala. Sasa kunja benchi hilo liwe nusu duara, au weka mabenchi mawili yatazamane umbali wa mita mbili, urefu wa kiti sentimita 45. Wanane wanakaa, kila mmoja anaona uso wa kila mwenzake, na hakuna aliyesimama njiani.

Endelea kulitazama nusu duara hilo. Kiziwi anayezungumza kwa lugha ya ishara anahitaji kuona mikono ya kila anayechangia. Kwenye benchi lililonyooka ametengwa, kwenye duara ameingia kamili. Anayetumia kiti cha magurudumu kwa kawaida huachwa kwenye ncha, kama mgeni aliyechelewa. Acha pengo la sentimita 90 katikati ya duara, na yeye anakuwa mmoja wa duara. Mwenye ualbino anahitaji kivuli cha uhakika saa kumi jioni jua likiwa limeinama, kwa hiyo paa lazima lishuke chini upande wa magharibi. Msichana anataka kuona nani anakuja kabla hajafika, kwa hiyo asiketishwe akiipa njia mgongo, na kuwe na njia mbili za kutokea, ili kundi la wavulana likisimama kwenye moja asizuiliwe. Mahitaji ni ya watu wanne tofauti, na umbo linaloyajibu ni moja. Kwa sababu hiyo nasema jambo hili halihitaji bajeti ya kila kundi peke yake, kila moja likingoja zamu yake.

Kuna mambo ambayo hali ya hewa yetu inaongeza. Mvua za Bungoma huja mchana na jioni, nzito, zenye radi, na mtu hatakiwi kujikinga chini ya mti uliosimama peke yake. Paa la kweli lenye kinga ya radi ni usalama kabla halijawa starehe. Ardhi ikilowa inateleza na magurudumu yanazama, basi njia kutoka barabarani hadi kwenye duara iwe ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri au zege, na mahali pa kupanda pawe na mteremko mpole: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, sentimita 12 za kwenda mbele. Nguzo ndefu ya taa, ile tunayoiita mulika mwizi, ina kazi yake sokoni, lakini humpiga mtu mwanga kutoka juu na kuuacha uso gizani. Taa mbili fupi zilizo karibu na viti zinaonyesha sura, na sura ndiyo mtu huitambua.

Katika ploti moja ya hamsini kwa mia, kwa hiyo, kunaweza kutoshea:

- duara mbili za viti zenye paa, moja karibu na barabara na nyingine nyuma kidogo, ili kundi moja lisimiliki kila kitu;
- kiwanja cha voliboli cha mita 18 kwa 9 mahali penye uwazi, ambacho siku nyingine ni cha kuruka bladaa, kucheza kati au kufanya mazoezi ya ngoma;
- bembea mbili zenye fremu ya kubeba watu wazima;
- choo chenye chumba cha msichana kilicho na maji na pipa lenye kifuniko, mlango ukitazama barabara;
- kibanda kimoja cha mama mboga au cha chai, kinachotazama ndani.

Kibanda hicho cha mwisho hakikuwekwa kwa ajili ya chakula. Matineja wanataka kuonekana bila kusikilizwa. Mama mboga aliye hatua 15 mbali anaona kila kitu na hasikii mazungumzo, na mzazi akiuliza, yupo wa kumjibu. Askari aliyevaa sare angewafukuza. Kamera isingemsalimu mtu.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi kubwa zaidi husemwa kwa sauti ya chini: ukiwakutanisha wavulana na wasichana, unaleta mimba. Halistahili kupuuzwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Lakini tujiulize matineja wa magharibi mwa Kenya hukutana wapi sasa. Hukutana kwenye disko matanga, muziki wa usiku kucha unaopigwa nyumba yenye msiba kwa kisingizio cha kuchangisha, gizani, pamoja na watu wazima wenye pesa. Machifu na maafisa wa serikali wamezipiga marufuku mara nyingi, nazo zimerudi mara nyingi, kwa sababu ndiyo karamu pekee ya hadhara isiyo na kiingilio ambayo mtoto wa kijijini anaweza kuhudhuria. Marufuku hufunga mlango mmoja bila kufungua mwingine. Mahali pa wazi, penye taa, penye mama mboga, saa kumi na moja jioni, ni kinyume cha disko matanga kwa kila kipimo ninachokijua. Hapatamaliza mimba za utotoni. Pataondoa sababu moja ya kwenda gizani.

Wengine husema: watoto wapumzike wapi tena, si nyumbani? Nyumba nyingi za mjini zenye wapangaji ni chumba kimoja, na mzazi anajua tineja hana pa kuzungumzia humo. Wapo pia wasio na nyumba. Kitale imeishi kwa miaka mingi na watoto wa mtaani, na mahali panapoitwa pa matineja wote, kisha kukawa na mlinzi wa kuwatimua wenye nguo chafu, si pa wote. Najua sentensi hii itawaudhi baadhi ya wazazi. Ni afadhali kuisema sasa kuliko kujenga ukuta baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo kiingilio hakifai. Makumbusho ya Kitale yana kijia kizuri kinachopita katikati ya miti ya asili, mahali ambapo tineja yeyote angefurahi kutembea na rafiki. Mlangoni kuna ada. Ada hiyo inasaidia kutunza makumbusho, na ina haki yake, lakini mtoto asiye na shilingi mfukoni haendi pale kila Jumatano jioni.

Pingamizi la uharibifu ni la kweli kabisa. Vyuma vinaibwa. Wizi wa miundombinu ulifika mahali ambapo mwezi Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa miezi kadhaa. Jibu ni kujenga kwa vitu ambavyo mwenye mizani ya chuma chakavu hana haja navyo: viti vya zege na mawe, nguzo za mbao zilizotiwa dawa, paa lililofungwa kwa namna isiyofunguka kwa koleo. Utunzaji nao una mifano ya humu nchini. Chama cha MYSA cha Mathare, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliweka utaratibu wa timu za vijana kupata alama za ligi kwa kuzoa taka mtaani, na watoto walizoa. Kibera nako, maeneo ya umma yaliyobuniwa na wakazi pamoja na Kounkuey Design Initiative yaliunganisha uwanja, vyoo na biashara ndogo, ili mapato madogo yahudumie mahali penyewe. Kodi ya kibanda cha mama mboga ni pesa ya kununulia balbu.

Ploti iko wapi, na pesa lini

Ardhi ndiyo kikwazo kigumu. Ploti za umma zimemegwa kwa miaka mingi, na watoto wamelipia. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi walipojaribu kuukomboa uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Waliupata. Nafasi ya umma isiyotumika humwita mnyakuzi, na hapa vipande vidogo vinavyokaliwa kila jioni vina faida ambayo uwanja uliofungwa hauna: kigingi kikisimikwa usiku, watu 40 watakiona kesho yake. Tukitafuta kwa subira, vipande vipo kandokando ya masoko, karibu na matangi ya maji, nyuma ya ofisi za wadi na zahanati, na kwenye kona za shule zinazopakana na barabara. Kona ya shule inaweza kugeuzwa itazame nje, ua usogezwe ndani mita 15, na shule ibaki mwenye ardhi.

Pesa zina kalenda yake, na wananchi wengi huikosa kwa miezi. Kila kaunti hutakiwa kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Ombi linalotolewa mwezi Mei limechelewa kwa miezi mingi. Anayetaka duara la viti pale Chwele lijengwe lazima neno hilo liwe limeandikwa kabla ya Septemba inayotangulia. Na liandikwe kwa vipimo. Likiandikwa "kituo cha vijana," litarudi likiwa jengo lenye bango, kufuli na kompyuta nne zilizofunikwa.

Baraza la kukusanya maoni nalo huitwa asubuhi ya siku ya kazi, wakati matineja wako darasani, kisha ripoti inasema jamii imeshirikishwa. Ni rahisi kulihamishia shuleni saa tisa na nusu, wasichana wakisikilizwa kwanza peke yao na karani mwanamke, na mwenye ulemavu asiwakilishwe na mtu mwingine. Wasiulizwe wanataka nini, kwa sababu watataja walichokiona kwenye simu au walichosikia watu wazima wakikisifu. Wapewe chaki na sakafu ya darasa. Kila mmoja achore njia anayopita kutoka shule hadi nyumbani, aweke duara pale ambapo husimama na wenzake, na msalaba pale ambapo huongeza mwendo. Kisha mwakilishi wa wadi apite juu ya michoro hiyo polepole, akitafuta mahali ambapo duara nyingi zimekutana na msalaba uko karibu, aulize ardhi ile ni ya nani.